Somo: Kurudi chuoni Uingereza baada ya likizo fupi nyumbani

Ndugu wanafunzi na wazazi wa Mbeya, Iringa na Njombe, kadi za ukaazi za Uingereza ziliisha muda wake tarehe 31 Desemba 2024, na sasa ruhusa ya mwanafunzi imo katika viza ya kielektroniki, yaani kumbukumbu iliyo kwenye akaunti yake ya uhamiaji, ambayo humtambua kwa namba ya pasipoti.

Hatua ya kwanza hufanyika ungali Uingereza. Fungua akaunti, uhakikishe kwamba pasipoti iliyoandikwa humo ndiyo uliyo nayo mkononi na kwamba ruhusa yako haitaisha kabla ya siku ya kurudi. Namba ya siri ya kuingilia ipokee kwa barua pepe, kwa maana laini ya Uingereza inaweza isipokee ujumbe ukiwa Tukuyu au Mafinga. Kadi ya zamani usiitupe, kwani huenda ukahitaji namba yake kufungulia akaunti.

Hatua ya pili ndiyo inayowaliza wengi. Mwanafunzi anakuja likizo, anaona pasipoti inakaribia kuisha, anakwenda uhamiaji kupata mpya, kisha anapanda ndege Songwe bila kuiandikisha kwenye akaunti. Mdogo wangu alizuiwa Dar es Salaam kwenye kaunta ya ndege kwa sababu hiyo hiyo, na tiketi ikapotea. Andikisha pasipoti mpya siku unayoipokea, usubiri akaunti ioneshe kwamba badiliko limekubaliwa, na usafiri na zote mbili, mpya na ya zamani.

Hatua ya tatu ni nyaraka za mkononi, wala si za kwenye begi la mizigo: barua ya chuo inayotaja masomo na tarehe za muhula, anwani ya unapoishi, na cheti cha kipimo cha kifua kikuu ulichoombea viza. Toa pia kwenye akaunti namba ya uthibitisho wa hali yako ya uhamiaji (kwa Kiingereza huitwa share code), ambayo hudumu siku 90.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nina ruhusa ya Uingereza. Je, naweza kupitia Dublin siku mbili kumsalimia dada yangu?*

Hapana, mpaka upate viza ya Ireland. Ruhusa ya Uingereza haimfungulii Mtanzania mlango wa Ireland, wala wa Ufaransa.

*Shikamoo mwalimu. Niliomba kuongezewa muda wa viza nikiwa huku Uingereza na sijajibiwa, lakini baba amefariki Rungwe. Nikija kumzika nitarudi?*

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa msiba. Ukitoka Uingereza kabla ya uamuzi, ombi lako huhesabiwa kuwa umeliondoa, na kama ruhusa ya zamani imekwisha utalazimika kuomba viza upya ukiwa Tanzania, pamoja na kulipa ada tena. Leo hii, kabla ya kukata tiketi, zungumza na mshauri wa wanafunzi wa kigeni chuoni kwako, umweleze msiba na tarehe ulizonazo, na uombe ruhusa ya kukosa masomo kwa maandishi. Waeleze na wazee nyumbani jambo hili mapema, ili wakipanga siku ya maziko wajue kama wakusubiri.