Boti ya mtumba yenye kasi
Ukitafuta boti ya mtumba inayokimbia na mfuko ni mwembamba, usihadaike na ukubwa wa mashine. Boti nyepesi ya faiba yenye mashine nzima ya HP (nguvu za farasi) 60 yaweza kuiacha nzito yenye 85 iliyochoka. Gonga tezi, yaani nyuma ya boti, pale mashine inapofungwa: mlio butu ni dalili ya mbao iliyooza ndani, na hapo pesa hutoka kwelikweli. Fungua skrubu ya oili ya gia. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Iwashe mashine mwenyewe ikiwa baridi. Muuzaji akiwa ameshaipasha moto kabla hujafika, mie hushuku kuwa anaficha ugumu wake wa kuwaka. Kisha ijaribu boti baharini ikiwa na watu, si tupu. Pangaboi ya mashine iliyopinda isikutishe, hiyo hubadilishwa.