SOMO: Skrini ya projekta kwa sinema ya nyumbani, uchukue 16:9 au ile pana ya 2.35?

Wakuu, swali la "ninunue skrini ya inchi ngapi" limeulizwa humu mpaka limechakaa. Naliandikia uzi mmoja, atakayerudia ataelekezwa hapa.

1. Pima ukuta kwa sentimita, upana na kimo. Toa nafasi ya meza, spika na swichi.

2. Pima kochi lilipo. Kwa 16:9 (upana 16 kwa kimo 9, umbo la TV za kawaida), zidisha kipimo cha skrini cha kona hadi kona kwa 1.2 mpaka 1.6, upate umbali wa kukaa. Inchi 100 ni sm 254, kwa hiyo unakaa kati ya mita 3 na 4.

3. Umbo. Hapa ndipo hela za watu zinapotea, msiruke.

Mpira, taarifa ya habari, tamthilia nyingi na gemu huja kwa 16:9. Filamu nyingi kubwa ni 2.35 au 2.39, yaani upana unazidi kimo zaidi ya mara mbili, ndiyo maana kwenye TV zinakaa na mikanda myeusi juu na chini. Mtu akiiona mikanda ile anahisi kaibiwa, anakimbilia skrini pana. Fanya hesabu kwanza. Inchi 100 ya 16:9 ni sm 221 kwa 125. Inchi 100 ya 2.35 ni sm 234 kwa 100. Weka mpira kwenye hiyo pana: kimo kinabana, picha inabaki inchi 80. Weka filamu pana kwenye 16:9: unapata karibu inchi 95. Umeongeza inchi 5 za filamu, umetupa 20 za mpira.

Skrini pana ina maana pale kimo kinapokubana (dari fupi, kabati refu la TV) huku ukuta una upana wa kumwaga. Kama kimo unacho, chukua 16:9.

Ukiamua pana, angalia haya:
- Projekta iwe na zumu ya lenzi yenyewe, walau mara 1.35. Zumu ya kwenye menyu haihesabiki. Bila hiyo utakuwa unasogeza projekta kila ukitoka mpira kwenda filamu.
- Ukivuta zumu, mwanga uleule unasambaa eneo kubwa zaidi, na mikanda inamwagikia ukutani juu na chini ya skrini.
- Maandishi ya tafsiri mara nyingi hukaa kwenye mkanda wa chini. Yatatua ukutani. Wa movie za kutafsiriwa kwa sauti hamna shida, endeleeni.

4. Geini, yaani kiasi skrini inavyorudisha mwanga: 1.0, nyeupe isiyong'aa. Geini kubwa inang'arisha katikati na kumnyima aliyekaa pembeni.

5. Skrini ya fremu hunyooka kuliko ya kuvuta. Ya kuvuta hupata mawimbi, na feni ya dari inaipepea.

Maswali karibuni.

Mdau wa Tabata: Mkuu nina mita 3, ninunue inchi ngapi?

Mwenye uzi: Mita 3 za upana, kimo, au umbali wa kochi? Hatua ya 1 na ya 2.

Mdau wa Tabata: Za ukuta.

Mwenye uzi: Ukuta una pande mbili. Rudi na tepu.

Mdau wa Nyali: Mimi nina 2.35 na siijutii. Usiwatishe watu.

Mwenye uzi: Wapi nimesema ni mbaya? Kama chumba chako ni cha filamu tu, na lenzi yako inavuta, umechagua sawasawa. Nawaandikia wenye sebule moja ya mpira na tamthilia.

Dada wa Arusha: Samahani kaka, kwa nini filamu zikawa pana hivyo tangu mwanzo?

Mwenye uzi: Swali zuri dada. TV ilipoanza kuwavuta watu wabaki nyumbani, Hollywood ikatafuta kitu ambacho TV haina. Mwaka 1953 ikaja CinemaScope, kwa lenzi zilizotokana na ubunifu wa Mfaransa Henri Chrétien: wakati wa kupiga inaibana picha kwa upana, wakati wa kuonyesha lenzi nyingine inaifungua. Hata leo zipo lenzi za namna hiyo za kufunga mbele ya projekta ya nyumbani, ila bei yake ikae mbali na mimi.

Mdau wa Mbagala: Projekta yangu boksi limeandikwa lumeni 9000 (kipimo cha mwanga), si itatosha inchi 150 mchana?

Mwenye uzi: Boksi huandika chochote. Tafuta lumeni za ANSI, yaani zilizopimwa kwa kiwango rasmi. Kama hakipo, nunua pazia zito kabla ya skrini.

Mdau wa Mwanza: Na zile skrini za kijivu zinazokataa mwanga wa taa?

Mwenye uzi: Zipo zilizotengenezwa kwa projekta inayokaa chini ya skrini, sentimita chache kutoka ukutani. Zinapokea mwanga wa kutoka chini na kuukataa wa kutoka juu. Ukiziwekea projekta ya darini, unachokataliwa ni picha yako mwenyewe. Muulize muuzaji ni ya aina gani kabla hujalipa.

Dada wa Arusha: Kwa sasa sina bajeti ya skrini, ukuta mtupu unafaa?

Mwenye uzi: Unafaa sana. Usawazishwe, upigwe rangi nyeupe isiyong'aa, kisha zungushia ukanda wa mahameli nyeusi wa sm 8 kwenye kingo. Mwanga unaomwagika unamezwa na ile mahameli. Kata na vipande viwili vipana vya kufunika juu na chini siku ya filamu pana.

Mdau wa Tabata: Upana 300, kimo 140 juu ya meza.

Mwenye uzi: Sasa tunaongea. 16:9, inchi 100. Inabaki sm 15 za kimo, spika ya katikati iweke chini ya meza.