Kadi imetumika bila idhini yako Marekani: hatua za kufuata na nani anabeba hasara

Somo hili ni la ndugu waishio Marekani wenye kadi za benki za huko. Kwanza jua kadi iliyoguswa ni ya aina gani. Kwa kadi ya mkopo, sheria ya shirikisho inakubebesha dola 50 tu, na kama imeibwa namba huku kadi ungali nayo, hubebi hata senti. Debiti ni habari nyingine. Hapo inatoka hela yako mwenyewe, ya kodi na chakula, na sheria inahesabu siku. Kadi ikipotea au kuibwa, ukitoa taarifa ndani ya siku 2 za kazi tangu ujue, hasara yako haizidi dola 50. Ukichelewa, inaweza kufika 500. Zikipita siku 60 tangu benki itume taarifa ya akaunti yenye makato hayo, wizi unaoendelea baada ya hapo unaweza kuubeba wote.

Hatua ya 1. Funga kadi kwenye programu ya benki papo hapo, kisha piga namba iliyo nyuma ya kadi, siyo iliyokuja kwa meseji. Andika saa, jina la aliyekuhudumia na namba ya kesi. Makato ya dola moja usiyapuuze. Mara nyingi mwizi anapima kama kadi inafanya kazi kabla ya kununua kitu kikubwa.

Hatua ya 2. Kama kadi imetumika kupitia akaunti yako ya duka la mtandaoni, jua kwamba wengi hubadilisha nywila ya duka wakaiacha ya barua pepe. Aliye ndani ya barua pepe yako ataomba nywila mpya ya duka na kuipata, kwa hiyo anza huko. Ondoa vifaa vyote vilivyoingia, washa uthibitisho wa hatua mbili, halafu fungua mipangilio ya vichujio. Wezi huweka kichujio kinachopeleka barua zote za duka kwenye takataka, ndiyo maana risiti huzioni. Kifute. Kisha rudi dukani ufute kadi zilizohifadhiwa na anwani usizozijua.

Hatua ya 3. Kwa kadi ya mkopo, usiishie kwenye simu. Andika barua yenye jina, namba ya akaunti, kiasi, tarehe na sababu, uitume kwa anwani ya maulizo ya bili, siyo ya malipo, ifike ndani ya siku 60 tangu utumiwe bili ya kwanza yenye makato hayo. Benki ikiri kuipokea ndani ya siku 30 na imalize ndani ya mizunguko miwili ya bili, isizidi siku 90. Kiasi unachobishania unaweza kutokilipa kwa muda huo, kilichobaki lipa.

Hatua ya 4. Kama zimefunguliwa akaunti mpya kwa jina lako, ripoti IdentityTheft.gov, tovuti ya serikali ya shirikisho, kisha zuia taarifa zako za mikopo kwenye kampuni zinazozitunza, Equifax, Experian na TransUnion, ili mwingine asifungue akaunti kwa jina lako. Ni bure tangu 2018.

MASWALI

Mkuu, nilimpa binamu kadi ya debiti na namba ya siri anunue vocha, akanunua simu. Benki italipa?
Hapana, ndugu. Ukimpa mtu kadi kwa hiari, matumizi yake yanahesabika umeyaruhusu, hata akizidisha, mpaka uiambie benki kwamba huyo haruhusiwi tena. Piga simu leo. Ya nyuma mdai binamu.

Dada yangu alidanganywa kwa simu akataja msimbo wa uthibitisho wa benki, mwizi akahamisha hela. Benki inasema ni uzembe wake.
Asikubali. Aliyehamisha ni mwizi, na msimbo kautwaa kwa udanganyifu. Hilo ni hamisho lisiloidhinishwa. Kwa debiti, uzembe hauongezi hasara ya mteja. Apeleke malalamiko kwa maandishi. Ingekuwa yeye mwenyewe amebonyeza kutuma, kesi ingekuwa ngumu zaidi.

Mtoto kanunua vitu vya mchezo kwenye simu yangu, nikatae makato benki?
Anza na duka la programu. Kwa Apple ni reportaproblem.apple.com. Ukikimbilia benki, akaunti yako ya duka inaweza kufungiwa. Kisha weka nywila iombwe kila ununuzi.

Nimebadilishiwa kadi, mbona makato ya kila mwezi yameendelea?
Mitandao ya kadi, kama Visa na Mastercard, huwapa wafanyabiashara namba mpya moja kwa moja. Iambie benki imzuie mfanyabiashara huyo kwa jina.