Wikiendi moja sebule na bustani, wawili tu bila fundi

Kabla hata hamjabishana rangi gani inapendeza, kaeni mhesabu vitu vinavyohitaji kukauka. Hapo ndo wikiendi inapoliwa. Kupaka ukuta mmoja ni dakika chache, kusubiri ukauke ili upake mkono wa pili ni masaa, na mlango wa rangi ya mafuta ndo unalala kabisa mpaka kesho yake. Kwahiyo siri ni kupokezana ndani na nje, rangi ikikauka sebuleni nyie wote wawili mko nyuma na jembe, jua likianza kuchoma nje mnarudi ndani kushika rola. Wengi wanagawana mmoja ndani mwingine nje, jioni kila mtu hoi, hakuna kilichoisha na mnanuniana.

Naongelea nyumba ya kawaida ya Dar, ukuta wa tofali na plasta, na kauwanja kadogo nyuma. Msifanye wakati wa masika, Machi mpaka Mei, ukuta unakua na unyevu na rangi itabanduka tu. Juni mpaka Septemba ndo poa, kukavu na joto limepungua.

Ijumaa jioni ni ya hesabu na manunuzi. Chukua tepu, pima. Mfano sebule mita 4 kwa 4, urefu wa ukuta mita 3, kuzunguka kote ni mita 16, zidisha kwa 3 unapata mita za mraba 48. Toa mlango na madirisha mawili, inabaki kama 42. Mikono miwili ya rangi ni 84. Lita moja ya rangi ya maji kwa ukuta laini inaenda kama mita 10 za mraba, kwahiyo mnahitaji lita 8 na kitu, na kama plasta yenu ina mikwaruzo itakunywa zaidi. Makopo mawili ya lita 4 hayatoshi, msijidanganye, nunua matatu. Na kama rangi ni ya kuchanganyiwa dukani hakikisheni yote yana namba ya bachi moja (yaani yametengenezwa kwa mkupuo mmoja), alafu mkifika nyumbani mimineni yote kwenye ndoo moja kubwa mkoroge, la sivyo mtakuja kuona ukuta mmoja umepishana na mwenzie kidogo na utakukera kila ukikaa kwenye kochi.

Hiyohiyo ijumaa kochi zisogezwe katikati na zifunikwe, buibui zitolewe, pazia zishuke. Ukuta wenye fangasi (ile nyeusinyeusi ya karibu na bafu) piga jiki, sehemu moja ya jiki sehemu tatu za maji, acha robo saa, sugua, suuza, uache ukauke usiku kucha. Madirisha wazi, na jiki isikutane na dawa ya kusafishia choo maana inatoa gesi mbaya. Kama ni ile chumvi nyeupe inayotoka ukutani chini, hiyo msiimwagie maji, ifagie kwa brashi kavu na mtafute maji yanatokea wapi, bomba linavuja au nini. Chumvi ukiipaka rangi juu itaisukuma rangi itoke, hata ununue ya bei gani.

Nyufa ndogondogo zibeni na wolpati au waiti simenti. Ila kama kuna plasta iliyomeguka mpaka tofali linaonekana, hapo mnahitaji saruji 1 mchanga 4, na plasta mpya inatakiwa ikae kama siku 28 kabla ya rangi. Maana yake hiyo sehemu haiingii kwenye wikiendi hii, zibeni leo na mpake mwezi ujao, wageni wakiuliza ndo hivo.

Jumamosi mnaanza nje, kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijaamka vizuri. Kazi ya nguvu ndo ya muda huu: kulima kale kaeneo, kutoa mawe na vifusi walivyofukia mafundi wakati wa kujenga (kila nyumba Dar ina vifusi, sijui kwanini), na kujaza magunia ya kupandia mboga. Gunia zuri ni lile kubwa la mahindi. Changanya udongo debe mbili kwa samadi debe moja, udongo ukiwa mfinyanzi ongeza mchanga kidogo. Samadi iwe imeoza, ukiishika inamumunyika na hainuki. Ile mbichi ya kuku inaunguza mizizi. Sasa katikati ya gunia weka kopo kubwa au ndoo iliyotolewa kitako, ijaze kokoto, zungushia udongo, alafu ivute ndoo juu na uijaze tena kokoto, endelea hivo mpaka juu. Ule mstari wa kokoto katikati ndo unashusha maji mpaka chini, bila hivo juu panaloa na chini pakavu. Hapa wawili ni lazima, mmoja anashika gunia lisilale mwingine anajaza. Mwagia maji litulie, msipande bado.

Saa tatu ingieni ndani. Zimeni meni swichi, fungueni mifuniko ya soketi na swichi. Pigeni msasa, futeni vumbi. Nyumba ya zamani yenye rangi ya mafuta msisugue kavu, rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi na vumbi lake ni baya sana kwa watoto, tumieni msasa wa maji na watoto waende kwa bibi.

Alafu silingi kwanza, kuta baadae, mlango mwisho. Kwenye kugawana msiangalie nani mwanaume nani mwanamke, angalieni nani ana subira. Kwetu brashi ya pembeni, ile ya kuzunguka silingi na fremu za dirisha, ni yangu, mume wangu anakuja nyuma na rola kabla pembeni hapajakauka, maana pakikauka alama inabaki. Na kila mtu amwambie mwenzie taratibu. "Mume wangu, hapo juu pameruka" inatosha, huna haja ya kumfuata juu ya ngazi na kumnyang'anya rola.

Mkono wa kwanza ukiisha subirini masaa manne hivi, Dar hewa ina unyevu, msiamini maandishi ya kwenye kopo yanayosema mawili. Rola iviringisheni kwenye nailoni la mkate isikauke (mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019 lakini nailoni za mkate bado zipo, tunzeni). Hakuna kupika siku hiyo, mama ntilie yupo, wali maharage, mlale kidogo. Saa tisa mkono wa pili.

Kumi na moja jioni mnarudi nje kupanda, jua limepoa na miche haitanyauka. Toboa gunia pembeni kwa kisu, tundu zipishane kama sentimita 20, chomeka miche ya sukuma, juu mwaga mbegu za mchicha. Ardhini wekeni matembele, hayo hata mvivu anapata: kata shina la kama sentimita 30, fukia vifundo viwili vitatu, mwagia. Mchicha unaanza kuvuna wiki tatu nne. Maji ya kisima yenye chumvi yataua kila kitu taratibu, kama mnayo tumieni ya bomba au ya kuoshea mchele. Wiki ya kwanza wekeeni kivuli cha kuti.

Usiku kabla ya kuoga mlango unapigwa mkono wa kwanza wa rangi ya mafuta, na uachwe wazi umetegwa na tofali usijigandishe kwenye fremu. Jumapili mkirudi ibadani mkono wa pili, brashi zioshwe kwa tapentaini, soketi zirudi, kochi zirudi ila ziachieni nafasi ukutani. Rangi ikikauka sio kwamba imekomaa, msiufute ukuta kwa maji wiki mbili tatu. Iliyobaki fungeni vizuri na muandike kwenye mfuniko jina la rangi, namba na chumba, mtoto akichora ukutani mtajua mnapaka nini.