Namna ya kuchagua paka atakayeelewana na mbwa na watoto

Watu wengi wanaonipigia simu wakitafuta paka huanza na rangi. Mimi huwauliza nyumbani kuna nani. Kazi yangu ni kuwatafutia makao paka wanaookotwa hapa Nairobi, na anayerudishwa mara nyingi hana kasoro yoyote: alipelekwa tu kwa mbwa au watoto asiowaweza.

Hatua ya 1: Anza na mbwa

Mbwa wengi wa mitaa yetu ni wa ulinzi. Mchana hufungiwa bandani, usiku huachiliwa uani, na chochote kinachokimbia hukifukuza. Paka wa jirani akipita ukutani, mwite mbwa wako. Akigeuka na kuja, mna pa kuanzia. Akikaza macho na mwili ukakakamaa asikusikie, mfundishe kwanza. Kama amewahi kuua paka, usilete paka.

Hatua ya 2: Amua umri

Wengi hutaka paka mchanga ili akue pamoja na watoto. Kwa nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 5, mimi hupendekeza paka wa mwaka mmoja kwenda juu. Mchanga huumia upesi, akibanwa hukwaruza, na tabia yake bado haijajitokeza. Ukimpata mkubwa aliyeishi na mbwa bila wasiwasi, mchukue hata kama hakuvutii kwa sura.

Ukiamua kuchukua mchanga, jua kwamba paka huzoea binadamu hasa kati ya wiki ya 2 na ya 7. Katika utafiti wa Eileen Karsh wa Chuo Kikuu cha Temple, Marekani, miaka ya 1980, waliobebwa dakika 40 kwa siku walizoea watu kuliko waliobebwa dakika 15. Aliyekaa darini miezi miwili bila kuguswa atahitaji utulivu ambao nyumba yenye watoto haina. Hata hivyo asitolewe kwa mamake kabla ya wiki 8. 12 ni bora, maana akiwa kwa mamake ndipo hujifunza kucheza bila kuuma.

Hatua ya 3: Ulizia alikotoka

KSPCA, shirika la kutunza wanyama kule Karen, wana paka wanaohitaji makao, na wanaowalisha kila siku wanawajua tabia. Kwa jirani ambaye paka wake amezaa pia ni pazuri, kwa sababu utamwona paka mama. Akikimbilia chini ya kitanda kila mgeni anapoingia, tarajia wanawe waige. Uliza waziwazi: "Mama, hapa mna mbwa? Watoto humbeba? Akikasirika hufanya nini?" Wauzaji wa kando ya barabara siwapendekezi: huwezi kumwona mama wala kujua umri.

Hatua ya 4: Mjaribu papo hapo

Hapa usiwe na haraka. Keti sakafuni, usimfuate. Paka mwenye moyo wa watu atakuja mwenyewe, mkia umesimama wima. Baada ya muda angusha funguo. Kila paka hushtuka. Unachotafuta ni kinachofuata. Anayerudi baada ya dakika moja au mbili kunusa kilichoanguka atastahimili vikombe vinavyovunjika na watoto wanaogombana. Aliyejificha akakataa kutoka hata kwa omena hataishi kwa raha kwako.

Kisha mbebe, mguse masikio na nyayo. Tazama kwa makini, kwa sababu wengi hudanganyika hapa: paka aliyetulia tuli mikononi, macho yametanuka, mwili mgumu, husemwa ni mpole. Huyo ameganda kwa woga, na siku moja kucha zitatoka. Mpole wa kweli hulegea.

Kwa upande wa mbwa, msugue mbwa wako kwa taulo nyumbani, uibebe, uiweke mbele ya paka. Kunusa na kuendelea na shughuli zake ni dalili njema. Hata kufoka mara moja na kusogea kando si kitu. Mwoga anayetimua mbio ndiye wa hatari, kwani mbio zenyewe humwita mbwa amfukuze.

Mlete mtoto pia, katika ziara ya pili. Paka akilaza masikio au kuchapachapa mkia, yatosha, mwache.

Hatua ya 5: Afya

Kagua mapunye, ambayo huambukiza watoto kwa urahisi, na viroboto. Mpeleke kwa daktari wa mifugo. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kliniki ya wanyama wadogo Kabete. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia miezi 3, kwa paka na mbwa. Afungwe uzazi. Choo chake kisafishwe kila siku, na mama mjamzito asikiguse.

Hatua ya 6: Wakutanishe polepole

Mpe chumba chake siku kadhaa. Badilishana matandiko ya paka na ya mbwa ili wazoeane harufu, kisha walishe kila mmoja upande wake wa mlango. Wanapoonana, mbwa awe kwenye kamba na paka awe na mahali pa juu pa kupanda. Watoto waketi chini, wampapase kuanzia kichwani, wasimguse akila au akilala. Usimwache paka peke yake na mbwa mpaka wiki kadhaa zipite bila fujo. Na kabla hujamchukua, kubaliana na aliyekupa kwamba mbwa akizidi kumkazia macho, atampokea tena.