Jinsi ya kutumia neno confluence bila kuchanganya mito, njia na bahari

Kazi yangu ni kutafsiri ripoti za maji na mazingira, na hili neno confluence linanijia mezani kila mara. Wengi wanalijua juu juu kwamba ni "makutano", wanaandika hivyo alafu wanasonga mbele. Sio kosa, ila makutano kwa Kiswahili yanabeba mengi, ya barabara, ya watu, mpaka ya vyama, wakati Mwingereza akisema confluence picha ya kwanza kichwani ni mikondo miwili inayoingia sehemu moja na kutoka ikiwa mkondo mmoja. Ishike hiyo picha, kazi yote inakuwa nyepesi.

Hatua ya kwanza: lisome na ulivunje

Uzito wa sauti uko mwanzoni, KON-fluensi. Sisi tumezoea kukandamiza silabi ya pili toka mwisho kwa hiyo ulimi unataka kwenda kwenye "flu", uzuie. Kwa asili ni Kilatini, con ni pamoja na fluere ni kutiririka. Ule mji wa Koblenz kule Ujerumani, pale mto Moselle unapoingia Rhine, jina lake limetoka hapohapo, Warumi walipaita Confluentes.

Hatua ya pili: fungua ramani kabla ya kuandika chochote

Hapa ndo penye kazi yenyewe, usiharakishe. Fuata kila mto kwa kidole mpaka unapokutana na mwenzake, alafu jiulize, ukishapita hapo mto unaitwaje?

Kuna wakati majina yote mawili yanaishia hapo na linazaliwa jina jipya. Kilombero na Luwegu zikikutana tunapata Rufiji. Kule Kenya, mito Athi na Tsavo ikiungana mto unaitwa Galana, na ukikaribia bahari kule Malindi watu wanauita Sabaki. Nyabarongo na Ruvubu zinakutana karibu na maporomoko ya Rusumo, mpakani mwa Rwanda na Tanzania, kuanzia hapo ni Kagera. Kwa mito ya namna hii andika the confluence of the Kilombero and the Luwegu, yaani mito yote miwili iko sawa, hakuna mkubwa wala mdogo.

Wakati mwingine mto mmoja unamezwa na mwenzake, na huyo aliyemmeza anabaki na jina lake. Ruaha Mkuu unaingia Rufiji, na baada ya hapo bado ni Rufiji. Hapo Kiingereza kinapenda with: the confluence of the Great Ruaha with the Rufiji. Na kwa Kiswahili usiseme tu "makutano ya Ruaha na Rufiji", sema "pale Ruaha Mkuu unapoingia Rufiji", maana msomaji anajua papo hapo nani tawimto na nani mto wenyewe.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Khartoum, pale panapoitwa Mogran. Nile ya Bluu inatoka Ziwa Tana Ethiopia, Nile Nyeupe inakuja na maji ya Ziwa Victoria, zinakutana mjini kabisa na baada ya hapo ni Nile tu. Msimu wa mvua za Ethiopia ukifika, kama Julai mpaka Septemba, Nile ya Bluu inajaa na kuwa kahawia kwa udongo wa milimani, na inakuja na nguvu kiasi kwamba inauzuia mwenzake, maji ya Nile Nyeupe yanarudi nyuma yanatuama kwa muda. Kwa hiyo usidhani confluence ni nukta tu kwenye ramani, ni sehemu yenye msukumano, na ripoti nyingi zinaitaja kwa sababu hiyo, mafuriko, udongo, vipimo vya maji.

Hatua ya tatu: maneno yanayolizunguka

Ukiwa pale ni at the confluence. Ukiona above the confluence usiandike "juu ya makutano", msomaji atadhani kuna daraja pale, maana yake ni upande mto unakotoka, kabla haujafika kwenye makutano. Below the confluence ni baada ya makutano, kuelekea mto unakoenda. Alafu hili ni jina la kitu, sio kitendo, ukitaka kitendo tumia meet, join au flow into.

Hatua ya nne: likatae pasipo pake

Mto ukiingia baharini au ziwani huo ni mlango wa mto, kwa Kiingereza mouth, kwa hiyo Kagera kuingia Ziwa Victoria sio confluence. Mto ukigawanyika kama Rufiji inavyofanya kwenye delta yake mbele ya Mafia, hiyo ni kinyume chake kabisa. Njia panda za barabara ni junction.

Hatua ya tano: likitoka mtoni

Kiingereza kinalipeleka pia kwenye mambo mengine, a confluence of factors, a confluence of events. Hata wanaotrade forex, yaani biashara ya fedha za kigeni, wanalo, wakimaanisha dalili tofauti kwenye chati zinazoonyesha upande uleule. Kipimo changu ni hiki, je, haya mambo yametoka sehemu tofauti, yakafika wakati mmoja na yakaongezeana nguvu? Chukua zile mvua za Elinino za mwishoni mwa 1997, Bahari ya Pasifiki ilikuwa imepata joto na wakati huohuo upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, yaani huku kwetu, nao ulikuwa na joto kuliko kawaida, vikasukuma mvua kwa pamoja. Hapo confluence imekaa vizuri, na kwa Kiswahili sina haja ya "makutano ya sababu", naandika "mambo mawili yalikutana yakaongezeana nguvu". Kama ni orodha tu ya sababu ambazo hazigusani, andika several factors, inatosha.