Kuendesha baiskeli Dar katikati ya daladala, malori na bodaboda: hatua kwa hatua

Mwongozo huu umetokana na kumsindikiza mwenzangu wa kazini kwa baiskeli kutoka Kimara mpaka mjini. Amekulia Tabora na baiskeli anaijua tangu utotoni, kwa hiyo kupiga pedeli hakumsumbui. Kinachomsumbua ni Dar. Kule alizoea kukaa pembeni kabisa, gari likija anashuka kwenye vumbi, likipita anarudi. Hapa ukishuka unaingia mtaroni, usiposhuka unapigiwa honi mpaka uchanganyikiwe. Haya ndiyo niliyomwelekeza. Wenye magari nao wapitie, hasa hatua ya 4.

Hatua ya 1: Baiskeli

Breki mbili zinazoshika, upepo wa kutosha, taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma. Kofia ngumu. Reflekta kama ya bodaboda inatosha, huna haja ya kununua nguo za mashindano.

Mimi ni mtu wa baiskeli za mtumba za Kijapani, zile zenye kapu mbele na dainamo. Unakaa wima, unaona juu ya paa za magari madogo, na shingo inageuka nyuma bila kuyumbisha usukani. Zile mpya zenye rangi kali na springi kila mahali zinakulaza kifudifudi, na springi zenyewe ni uzito mtupu. Kengele weka kwa ajili ya watembea kwa miguu tu, maana mwenye gari kafunga vioo na kiyoyozi kinanguruma, hakusikii. Muziki masikioni acha kabisa. Dar nusu ya kuona ni kusikia.

Hatua ya 2: Njia

Ukitokea Kimara kwa Morogoro Road, vishawishi ni viwili. Cha kwanza ni njia ya mabasi ya mwendokasi, ile ya katikati. Ni safi, nyeupe, tupu. Usiingie. Tangu mabasi yaanze kazi mwaka 2016 nimeona watu wengi wakijaribu, na basi likija nyuma yako huna pa kukimbilia kwa sababu ya kingo za zege. Cha pili ni njia ya pembeni ya waenda kwa miguu na baiskeli. Hiyo ni halali yako, itumie pale ilipo wazi. Ukifika Manzese utakuta ni soko: meza za wamachinga, viatu vimepangwa chini, bodaboda wanasubiri abiria. Usigombane na mtu. Shuka ukokote, au rudi barabarani kwa utaratibu.

Ubungo, kwenye Daraja la Kijazi, baki chini hata kama kuna mataa ya kusubiri. Jangwani mvua kubwa ikinyesha usijaribu, maji yanafunika barabara na huoni shimo liko wapi. Mandela Road mimi sipiti. Ni njia ya malori ya bandarini, nazunguka mitaani hata kama ni mbali.

Ijaribu njia yako Jumapili asubuhi kabla ya Jumatatu.

Hatua ya 3: Mstari wako

Kaa mita moja kutoka ukingo wa lami. Watu hubisha hapa, wakisema pembeni kabisa ndiko salama. Pembeni kabisa kuna mchanga, vipande vya chupa, mifuniko ya mitaro na lami iliyomeguka. Na ukikumbatia ukingo, dereva anayekuja nyuma anapiga hesabu kwamba nafasi ya kupita bila kuhama njia ipo, kumbe haipo, kioo chake cha pembeni kinakupiga kiwiko. Ukikaa mita moja ndani, analazimika kuamua: ama anahama kidogo, ama anasubiri.

Mstari wenyewe unyooke. Usiingie kila penye upenyo kati ya magari yaliyoegeshwa halafu ukatoka tena. Kila unapotoka unamshtua mtu. Pita nayo mbali kwa upana wa mlango uliofunguliwa wazi, na chungulia kama kuna kichwa kwenye kiti cha dereva.

Barabara ikibana, kwa mfano kwenye daraja dogo au penye matengenezo, shika katikati ya njia yako mpaka upite, kisha rudi pembeni na unyanyue mkono kushukuru. Kabla ya kusogea katikati geuza shingo pande zote mbili, kwa sababu bodaboda anaweza kutokea hata kushoto kwako.

Honi zisikuyumbishe. Ile fupi maana yake "nipo nyuma yako", ile ndefu maana yake "toka". Zote mbili jibu ni lilelile: shikilia mstari, ukipata pa kumpisha mpishe.

Hatua ya 4: Daladala inayosimama

Hapa ndipo mwenzangu alipokwama, tukarudia asubuhi nzima kwenye kituo kimoja cha Shekilango, yeye kwenye baiskeli, mimi nimesimama kando naangalia. Nitaeleza taratibu.

Daladala ikikupita halafu ikaingia kituoni mbele yako, una njia tatu: kupita kushoto, kupita kulia, au kusubiri nyuma. Kushoto ifute. Mlango uko kushoto, abiria anaruka kabla gari halijatulia, na anayekimbilia kupanda anaangalia mlango, hakuangalii wewe. Hata kama unaona mita mbili za lami tupu, zitajaa watu ghafla.

Zinabaki kulia na kusubiri, na uamuzi ufanyike mapema, ukiwa mita thelathini nyuma. Ukishafika kwenye bampa umechelewa. Kwa umbali huo soma ishara. Mtu kanyoosha mkono kando ya barabara? Itasimama. Konda ananing'inia mlangoni mguu mmoja hewani? Itasimama hata pasipo na kituo. Sauti ya "shusha!" nayo inasikika nje, ndiyo maana nimekataza muziki.

Sasa imesimama. Usiangalie indiketa; wengine haziwaki, wengine zinawaka tangu asubuhi. Angalia tairi la mbele la kulia. Likiwa limenyooka, gari limetulia. Likianza kugeuka kulia hata kidogo, dereva anatoka, na anatoka sasa hivi. Sikiliza pia konda anapogonga bodi. Konda akishagonga, dereva hana tena habari na kituo, macho yake yako kwa daladala ya nyuma isimuwahi abiria wa mbele.

Ukiamua kupita kulia: geuza shingo nyuma, nyoosha mkono wa kulia, sogea, kisha geuza shingo tena. Mara ya pili ni kwa ajili ya bodaboda, kwa sababu hakuwepo mara ya kwanza. Acha mita nzima kati yako na bodi. Ukikaribia dirisha la dereva, tafuta uso wake kwenye kioo cha pembeni. Ukiuona uso, naye anaweza kukuona. Usipouona, chukulia kwamba kwake wewe hupo duniani, na upunguze. Ukishaanza kupita usisite katikati. Ama umeamua, ama umebaki nyuma.

Ila kuna hali ambazo kulia nako hakufai. Daladala mbili zikigombea abiria, ya pili husimama sambamba na ya kwanza. Usiingie kati yao kwa hali yoyote, subiri zote mbili ziondoke. Penye foleni abiria hushukia katikati ya barabara, kwa hiyo mlango unaweza kufunguka njia ya pili kutoka ukingoni, na wewe unayepenya ndiye utakayekutana nao. Kipanya, ile daladala ndogo, hukatiza kwa haraka kuliko Kosta, ile kubwa, mpe nafasi zaidi. Na kama kituo kimechongwa pembeni, daladala ikaingia yote ndani, wewe endelea na njia yako lakini tairi la mbele liangalie vilevile.

Ukiamua kusubiri, simama nyuma upande wa kulia ili kioo cha dereva kikuone, usisimame katikati ya bampa unameza moshi. Watu wengi wanaona aibu kusubiri. Daladala haikai kituoni hata dakika moja, labda iwe inasaka abiria, na hapo dereva ametulia, pita.

Hatua ya 5: Lori linalokata kushoto

Kwenye mataa, lori refu likiwa limesimama mbele, usijipenyeze kushoto kwake. Likikata kushoto, kichwa hupinda kwa upana lakini matairi ya tela hukatiza ndani, yanasugua kabisa ukingo wa barabara. Pale uliposimama ndipo yatakapopita. Dereva akiwa kulia juu kule, ubavu wa kushoto karibu na kichwa hauoni. Malori mengine yanayokwenda Kongo, Rwanda na Burundi yana usukani kushoto, kwa sababu huko wanaendesha upande wa kulia; hayo upofu wao uko kulia. Kanuni yangu ni moja: nyuma ya lori, mbali kiasi cha kuona vioo vyake vyote viwili.

Hatua ya 6: Kukata kulia

Makutano makubwa, usivuke njia tatu za magari. Nyoosha mpaka ng'ambo, simama kona ya kushoto, geuza baiskeli, subiri mataa ya upande huo. Kwenye kipilefti kikubwa shuka utembee kwenye zebra.

Kwa mwenye gari

Ukimpita mwenye baiskeli mwachie mita moja na nusu. Kama nafasi haipo, kaa nyuma yake mpaka ipatikane. Ukiwa kwenye kilomita 50 kwa saa unakula mita 14 hivi kila sekunde, shimo moja likimhamisha huwahi breki. Usimpite halafu ukakata kushoto mbele yake palepale. Ukiegesha, fungua mlango kwa mkono wa kushoto: mwili unageuka wenyewe na jicho linaangukia nyuma. Usiku shusha fulu unapokutana na baiskeli kama unavyoshusha kwa gari lenzako, kwa sababu taa zako zikimpiga usoni haoni tena ukingo wala tuta lililo mbele yake.